Mafuta ya Hoima yasiishie kwenye matangi ya magari

Mhariri,

Kila tunapozungumzia kiwanda cha kusafisha mafuta kinachopangwa Kabaale, hapa Hoima nchini Uganda, mazungumzo huishia kwenye petroli na dizeli: mapipa 60,000 kwa siku, bei itashuka au haitashuka. Mimi nafundisha kemia, na linaloniuma ni kwamba hakuna anayeuliza tunaandaa wataalamu wangapi wa vichocheo, yaani vitu vinavyoharakisha na kuelekeza mmenyuko wa kemikali bila vyenyewe kutumika.

Ukichoma hidrokaboni, yaani michanganyiko ya kaboni na hidrojeni iliyomo kwenye mafuta, unapata joto, maji na kaboni dioksidi, basi. Ukiioksidisha (ukiiunganisha na oksijeni) kwa kiasi na kuisimamisha katikati ya safari, unapata malighafi ya gundi, nyuzi, rangi na plastiki. Mchoma makaa anaijua kanuni hiyo: huifunika tanuri kwa udongo ili kuni zisigeuke majivu. Ila kiwandani kupunguza hewa hakutoshi, kwa sababu mara nyingi kile unachokitaka huungua upesi kuliko kile ulichoanza nacho. Hapo ndipo kichocheo kinapohitajika.

Chukua ethilini, gesi inayopatikana kwa kupasua nafta, ambayo nayo hutoka kwenye mafuta ghafi. Ikipitishwa pamoja na oksijeni juu ya chembe za fedha, madini yale yale ya vito, hugeuka oksidi ya ethilini. Humo hutengenezwa sabuni za maji na dawa ya kupozea injini, na oksidi hiyo yenyewe, ikiwa gesi, hutumika kuua vijidudu kwenye vifaa vya hospitali visivyostahimili joto. Wataalamu huongeza metali iitwayo sizi (cesium) kidogo sana juu ya fedha hiyo, na kwa kidogo hicho ethilini inayopotea kuwa kaboni dioksidi hupungua mno. Ufundi huu wa kutumia fedha ulianza miaka ya 1930, na bado unaboreshwa.

Au tazama chupa ya maji inayouzwa pale stendi ya teksi. Plastiki yake hutokana na asidi ya tereftaliki, inayopatikana kwa kuoksidisha paraksilini, hidrokaboni nyingine itokayo kwenye mafuta, kwa hewa, na vichocheo vyake ni kobalti, manganisi na bromini. Kobalti! Kasese tuliwahi kuitoa kwenye mabaki ya mgodi wa shaba wa Kilembe, tukaiuza nje.

Najua mpango wa Kabaale unataja viwanda vya kemikali na mbolea. Lakini kiwanda hakiendeshwi na ramani. Wanafunzi wangu wa kidato cha sita wanaweza kuniandikia mlinganyo wa mwako bila kusita, ila hawajawahi kuona kichocheo cha kiwandani hata kwa macho.

Mafuta haya yaligunduliwa mwaka 2006, na muda mwingi umepita. Naiomba serikali, kabla ya ujenzi kuanza, ituambie mambo mawili: ni chuo kikuu kipi kitapewa maabara ya vichocheo yenye vifaa na bajeti yake, na ni vijana wangapi watapelekwa kusomea kazi hiyo mwaka huu.

Mwalimu wa Kemia,
Hoima