Jedwali halikuwa na safu ya kijiko

Mhariri,

Mwandishi wenu aliyedai kwamba tiba ya Sigmund Freud, ile ya kuzungumza mpaka yaliyofichika moyoni yajitokeze, ni porojo za kale amenigusa penye kidonda.

Nilipokosa usingizi baada ya kumzika mama, daktari aliniandikia fluoksetini, dawa ya sonona. Sikatai, ilinisaidia, baada ya wiki tano hivi nilianza kula tena. Kisha nikapelekwa kwenye tiba ya fikra na tabia, ile aliyoiasisi Aaron Beck huko Marekani miaka ya 1960. Vikao 12, daftari, na jedwali la safu tatu: tukio, wazo, hisia. Nililijaza kama mwanafunzi mtiifu.

Lakini kila niliposikia kijiko kikigonga kikombe, kifua kilibana. Hilo halikuwa na safu yake.

Nikaanza kwenda kwa mchambuzi wa nafsi, mtaalamu wa tiba hiyo ya Freud, dakika 50, mara mbili kwa wiki. (Freud aliwaona wagonjwa wake siku sita kwa wiki, kwa hiyo mimi nilikuwa mvivu.) Mwezi wa saba, katikati ya ukimya mrefu, nilijikuta nikisema kwamba mama alikuwa akijikorogea dawa usiku, nami najifanya nimelala. Mchambuzi hakutamka neno. Nililia mpaka muda ukaisha.

Ni tiba ghali, tena ya kobe, na si ya kila mtu. Mwenye hofu ya lifti aende kwa wafuasi wa Beck, atapona upesi. Ila kuiita porojo? Mwandishi wenu amewahi kukaa mbele ya mchambuzi hata mara moja?

Msomaji wenu wa siku nyingi