Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: wanafunzi wetu wasome The Outsiders

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,

Kwa heshima, naomba Taasisi ya Elimu Tanzania iipitie riwaya ya The Outsiders ya S. E. Hinton, na ikiridhika nayo iipe ithibati kama kitabu cha ziada kwa sekondari. Hinton alianza kuiandika akiwa na miaka 15, mwanafunzi huko Tulsa, Oklahoma. Ilitoka mwaka 1967, naye ana miaka 18.

Najua hofu itakayotangulia: kitabu cha magenge kitawafunza watoto ugenge. Dar es Salaam tumeonja panya road, magenge ya vijana wahalifu, hofu hiyo siidharau. Lakini humu wanakufa vijana watatu, na msomaji haachiwi nafasi ya kushangilia hata kifo kimoja.

Kilichonishika zaidi ni nywele. Ponyboy, msimulizi wa miaka 14, na wenzake wa mtaa wa kimaskini hawana magari wala mashati ya bei kama mahasimu wao. Wana nywele: ndefu, zimekolea mafuta, zimechanwa kwa makini. Hata kabla ya pambano kubwa wanaoga na kuzitengeneza kama wanaokwenda harusini. Kisha Johnny, mmoja wao, akimwokoa Ponyboy asizamishwe majini, anamuua kijana wa kitajiri. Wanajificha kwenye kanisa lililotelekezwa, na ili wasitambulike Johnny anamkata mwenzake nywele kwa kisu, halafu anazipaka dawa ya kuzibadili rangi. Ponyboy anaumia mno. Alichojivunia ndicho hicho, hakuna kingine.

Mheshimiwa, shuleni kwetu mwenye kiduku husimamishwa mstarini, mkasi ukapita katikati ya kichwa, akaingia darasani hivyo hivyo huku wenzake wakimcheka. Kanuni ya usafi siipingi. Napinga kumwita mtoto mhuni kwa sababu ya kichwa chake, maana akishaitwa hivyo mara nyingi, atawatafuta wanaomwita ndugu.

Na undugu huo riwaya hii inauchambua kwa kina. Johnny anapigwa na baba yake, mama hana habari naye. Wanaomjali ni wenzake wa kundi. Darry, kaka wa Ponyboy wa miaka 20, amejinyima nafasi ya kusoma chuo ili awalee wadogo zake baada ya wazazi kufa ajalini. Ukali wake unamfanya Ponyboy aamini hapendwi, mpaka siku anapomwona kaka mtu analia hospitalini. Ninao wanafunzi wanaolelewa na kaka zao. Hawajawahi kukutana na nyumba yao kitabuni.

Ithibati ikipatikana, naomba walimu turuhusiwe kukijadili kwa Kiswahili, ingawa kinasomwa kwa Kiingereza. Kwa Kiingereza watanijibu maswali ya mtihani tu. Habari za baba anayepiga hawatazisema. Nakala tano kwa kila maktaba ya shule zingetosha kuanzia.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa fasihi, Dar es Salaam