Minyoo ya njano kwenye tilapia haikutoka mgodini

Bwana Mhariri,

Barua mliyochapisha kuhusu tilapia wenye "mbegu za njano" ililaumu maji ya migodi, ikawashuku na akina mama wa soko la Kenya, hapa Lubumbashi, kwamba wanauza samaki waliolala. Zile mbegu zilizo kwenye matamvua, chini ya ngozi na ndani ya nyama ni minyoo michanga ya Clinostomum. Ilimwingia samaki akiwa hai, hata angeuzwa palepale ufukoni.

Mnyoo mzima huishi kinywani na kooni mwa kongoti. Ndege akichovya mdomo, mayai huingia majini. Kinachoanguliwa humwingia konokono, huzaliana humo kwa wingi, kisha watoto wenye mkia hutoka kutafuta samaki. Maisha yao nje ni mafupi mno, kwa hiyo mkondo wenye nguvu huwasomba bure. Kwenye vidimbwi vya mafuriko kandokando ya mito ya Lualaba, Lufira au Luapula, maji yametulia, majani ni mengi, konokono wamejaa na kongoti amesimama papo hapo. Ndiyo sababu samaki wa mto mmoja hutofautiana: wa kinamasini ana minyoo, wa mkondoni huenda hana. Na kwa kuwa mnyoo hudumu miaka ndani ya samaki, mkubwa hubeba zaidi. Kiangazi, maji yakirudi nyuma, wote husongamana dimbwini. Hapo hata wadudu wa matamvua wasiomhitaji konokono huambukizana haraka.

Kuhusu migodi: salfati ya shaba ni dawa ya kuua konokono. Maji yenye shaba nyingi yangepunguza minyoo hii, si kuiongeza. Hiyo si sifa kwa migodi, maana samaki asiye na mnyoo hata mmoja anaweza kubeba metali usizoziona wala kuzinusa.

Wengine wanataka vinamasi vikaushwe. Tunapinga: samaki wachanga hula na kukua humo, na bila mafuriko soko lingekosa samaki kabla ya kukosa minyoo.

Mwenye bwawa lake ana uwezo zaidi. Baada ya kuvuna, toa maji yote, na udongo ungali na unyevu mwaga chokaa kali (ya mawe yaliyochomwa) kilo 10 hadi 15 kwa kila mita 100 za mraba, kisha acha bwawa likauke hadi udongo upasuke nyufa. Kosa la kawaida ni kununua unga wa mawe ya chokaa yasiyochomwa: unarekebisha udongo, hauui konokono. La pili ni kurudisha vifaranga mapema. Subiri wiki mbili, chokaa ipoe. Fyeka majani ya kingo na uchimbe ukingo ushuke ghafla hadi sentimita 60, kongoti akose pa kusimama. Vichwa na matumbo ya samaki vifukiwe.

Jikoni, mnyoo huyu hafi kwa limau wala chumvi ya kuonjea. Pika hadi nyama ya katikati ifike digrii 63, yaani iwe nyeupe na ichambuke. Friza iliyo kwenye digrii 20 chini ya sifuri humuua kwa siku 7. Kisanduku cha barafu cha friji ya nyumbani mara nyingi hakifiki huko. Kambare mnene wa kubanika apasuliwe mgongoni kwanza, la sivyo ngozi hukauka na ndani hubaki mbichi.

Wafugaji na wakaguzi wa samaki,
Lubumbashi