Barua ya wazi kwa mdogo wangu aliyefeli mtihani

Mdogo wangu mpendwa,

Mama ameniambia kwamba tangu matokeo yatoke hutaki kukaa na wenzako, na kwamba ukiulizwa unajibu "nipo sawa" kisha unafunga mlango. Sikuandikii kukupa pole. Pole umepewa za kutosha, na najua nyingi zimekuja pamoja na ile methali ya kuteleza si kuanguka, ambayo wanaokwambia wana nia njema kabisa, ila wewe hukuteleza. Ulianguka, na aliyeanguka akiambiwa ameteleza tu hatajikagua aone ameumia wapi.

Nami niliwahi kufeli, ingawa habari hiyo ilizungumzwa kwa sauti ya chini hata wewe, kwa udogo wako, hukuisikia. Karatasi yangu ya majibu iliporudishwa niliikunja mara nne, nikaisukuma chini ya godoro, na kwa miezi mitatu nikawa nalala juu yake huku nikijiambia kwamba sina akili. Siku niliyoitoa (nilikuwa nabadilisha shuka, si kwamba nilipata ujasiri) nilikuta maswali matatu ya kwanza yana alama nzuri, la nne lina mistari miwili, na la tano ni ukurasa mtupu wenye sifuri nyekundu pembeni. Nilichokosa kilikuwa muda, maana swali la kwanza nilikuwa nimelijibu kwa kurasa sita wakati kurasa mbili zingetosha. Miezi yote ile nilikuwa nimejihukumu kwa kosa ambalo sikulifanya, na nililolifanya hasa nikawa nimelilalia.

Ndiyo maana katika habari za ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, mwaka ninaoupenda ni 1901, ambao ulikuwa mbaya kwao. Ndege yao isiyo na injini ilikuwa na nguvu ndogo mno ya kuinuka kuliko hesabu zilivyoahidi, na Wilbur alikuja kusimulia kwamba wakati huo alimwambia mdogo wake binadamu hataruka kabla ya miaka 50 kupita. Waliporudi nyumbani walitengeneza sanduku refu lenye feni, wakapima ndani yake maumbo ya mabawa yapatayo 200, na wakagundua kwamba baadhi ya tarakimu walizorithi kwa waliowatangulia hazikuwa sahihi. Waliruka kwa injini Desemba 1903, safari ya kwanza ikidumu sekunde 12.

Watu husema kufeli ni mwalimu, nami sikubaliani nao sana, kwa kuwa mwalimu huingia darasani akaanza kusema, ilhali kufeli hukaa kimya hadi ukuulize. Tena huwezi kukuuliza ukiwa bado unabishana nako kwamba hakukutokea, au ukiwa umeshakubali kwamba kumekuja kukwambia wewe ni mtu wa aina gani. Karatasi yako haijui wewe ni nani. Inajua ulichoandika asubuhi moja, basi.

Ukitaka kulia kwanza, lia, sikuharakishi. Jumamosi nitafika na kalamu mbili, na ile karatasi yangu nitakuja nayo, kwani hadi leo ina mikunjo yake minne. Yako usiitafutie godoro.

Kaka yako