Ramani ya treni za London usiiamini sana

East Ham, London

Shoga yangu Mwanahawa,

Asalaam aleikum. Sisi huku wazima, baridi imeanza kupungua, na habari ya viza kutoka niliipokea kwa vigelegele peke yangu jikoni, majirani sijui walidhani nini. Ile voisi yako ya WhatsApp nimeisikiliza yote mpaka mwisho, unauliza huko chini ya ardhi watu wanapumua vipi, na eti mtoto wa dada'ko kakuprintia ramani ya treni na we umeshaanza kuikariri. Acha kuikariri shoga. Ile ramani ni nzuri ila ni muongo mkubwa, na mgeni anayehangaika huku mara nyingi anahangaika kwa sababu anadhani kuna mtu alikaa akaipanga hii reli yote kwa pamoja. Hakuna! Zilikuwa kampuni binafsi, kila moja na hela zake na roho mbaya yake, kila mtu anachimba shimo lake alafu zikaja kuunganishwa baadae sana. Ni kama boma la mume mwenye wake wengi, kila mke kajenga jiko lake na mlango wake, mgeni unazunguka uani hujui pa kutokea.

Ya kwanza kabisa ilifunguliwa tarehe 10 Januari 1863, ya kwanza dunia nzima, inaitwa Metropolitan, toka Paddington mpaka Farringdon. Fikiria reli yetu ya Tanga Wajerumani walianza kuijenga 1893, wakati huo wenzetu wana miaka 30 wanapita chini ya nyumba za watu. Na hapo hawakwenda chini sana, walikuwa wanapasua barabara, wanachimba mtaro mpana, wanajenga matao ya matofali, alafu wanafukia na barabara inarudi juu yake. Treni zenyewe za moshi! Ndani ya shimo! Mabehewa ya mbao, taa za gesi, na siku ya kwanza walipanda watu zaidi ya 30,000. Inasimuliwa waziri mkuu wa enzi hizo, Lord Palmerston, alialikwa kwenye sherehe akakataa, mzee wa miaka 78, akasema kwa umri wake anataka akae juu ya ardhi kadri atakavojaliwa. Kwahiyo woga wako una watu wa heshima shoga, usione aibu. Aliyeipigania hiyo reli kwa miaka mingi, wakili mmoja anaitwa Charles Pearson, hakuiona, alifariki Septemba 1862, miezi michache tu kabla haijafunguliwa.

Sasa moshi lazima utoke mahali, kwahiyo waliacha sehemu nyingine wazi bila kufunika. Kuna mtaa wa matajiri unaitwa Leinster Gardens, reli ilipopita pale ikabidi nyumba namba 23 na 24 zivunjwe, wenye mtaa wakagoma pasionekane pengo, basi kampuni ikajenga ukuta wa mbele tu unaofanana na nyumba za jirani, milango ipo, nguzo zipo, madirisha yamepakwa rangi tu, nyuma yake hamna kitu, shimo na reli. Mpaka leo upo. Ntakupeleka tupige picha, hamna kiingilio.

Alafu ikaja kampuni nyingine, District, hiyo ndo laini ninayopanda mimi kila siku, ya kijani. Bosi wa Metropolitan alikuwa Edward Watkin na wa District James Forbes, na hawa walichukiana tangu huko kwenye reli zao nyingine za juu, yani walitakiwa waungane wamalizie duara la kuzunguka katikati ya mji na walilivuta mpaka 1884 kwa ugomvi tu. Inasimuliwa kuna kipande cha reli pale South Kensington walikuwa wanakigombania, District wakaenda kukifunga kichwa cha treni hapo kwa minyororo ili wenzao wasipite, Metropolitan wakaleta vichwa vitatu kukivuta na wakashindwa. Watu wazima na suti zao. Na huyo Watkin ndo huyohuyo aliyetaka kujenga mnara mrefu kuliko Eiffel pale Wembley, ukaishia ngazi ya kwanza ukavunjwa, sa hivi uwanja wa mpira uko hapohapo.

Ila kiboko yao alikuwa Mmarekani, Charles Yerkes, katoka Chicago na hela za tramu, na kabla ya hapo alishawahi kufungwa jela Philadelphia kwa mambo ya hela za watu. Huyu akaja London akainunua District akaiweka umeme, na akakusanya mtaji wa kuchimba laini tatu kwa mpigo, Bakerloo, Piccadilly na ile ya kwenda Hampstead ambayo sasa ni sehemu ya Northern. Hizi sio za mtaro tena, hizi ni mabomba hasa, yamechimbwa chini sana kwenye udongo wa mfinyanzi, ndo mana watu wanaiita Tube, yani bomba. Yeye mwenyewe alifariki mwisho wa 1905, laini zake zikafunguliwa 1906 na 1907. Ukiona stesheni imevaa vigae vya rangi ya damu ya mzee ujue ni za kwake, alizichora kijana mmoja Leslie Green, ambaye nae alikufa ana miaka 33, na ndani kila stesheni aliipa mpangilio wake wa rangi za vigae. Mimi kwa macho yangu hizo ndo nzuri kuliko zote, hata hizi mpya za vioo na zege kama Canary Wharf zinazosifiwa hazinigusi.

Kampuni zote zilikuja kuwekwa chini ya bodi moja 1933 tu. Miaka 70 toka ya kwanza! Ndo mana unakuta maajabu. Kuna stesheni mbili zinaitwa Edgware Road, laini tofauti, milango tofauti, unatoka moja unavuka barabara unaingia nyingine. Hammersmith hivohivo, mbili, katikati barabara. Ukimwambia mtu tukutane Edgware Road mnaweza mkasubiriana saa nzima kila mtu analaumu mwenzie. Na ndo mana kuna sehemu unabadilisha treni kwa kuvuka platifomu tu, na sehemu nyingine unatembea korido haziishi, ngazi juu, ngazi chini, kona, unajiuliza kama ushatoka London. Sio wewe umepotea, ni kampuni mbili zilizokuwa haziongei.

Turudi kwenye ramani yako. Aliyeibuni anaitwa Harry Beck, fundi mchoraji wa michoro ya umeme, akaichora 1931 kwa muda wake mwenyewe. Akawaza hivi, mtu akiwa chini ya ardhi hana haja ya kujua mtaa gani uko juu ya kichwa chake, anataka kujua ashuke wapi na abadilishe wapi, kwahiyo akanyoosha laini zote, akaziweka zilale, zisimame au zikate kona ya nyuzi 45, na stesheni akazipanga kwa nafasi zinazokaribia kulingana kama vile zote ziko umbali mmoja. Cha juu ya ardhi alichokiacha ni mto Thames tu. Wakubwa mwanzoni waliikataa, 1933 wakaichapisha kwa kujaribu na watu wakaigombania, na leo miji kibao duniani inachora hivohivo. Ila umbali sasa, Leicester Square na Covent Garden kwenye ramani unaona stesheni mbili za kawaida, kumbe ni kama mita 260 tu, na kule mwisho kabisa Chalfont mpaka Chesham ni kilomita zaidi ya 6, kwenye ramani kijistari. Wageni wanalipa nauli kwenda Covent Garden, wanashuka, wanakuta foleni ya lifti, wanasema aah tupande ngazi, ngazi 193 za kuzunguka, wanatokea juu hawana pumzi na wangeweza kutembea dakika tano toka mwanzo. Bayswater na Queensway nazo laini tofauti, ila ziko mtaa mmoja.

Haya pumzi sasa. Kwanza zaidi ya nusu ya hii reli iko juu, sio chini. Stesheni 272, kama kilomita 400, na ukija kwangu East Ham treni inatoka shimoni inakuwa nje kabisa, unaona nguo za watu zimeanikwa. Chini kuna hewa, treni yenyewe ikipita inasukuma upepo, utausikia usoni kabla hujaiona. Ila joto lipo, sikudanganyi. Ule udongo wa mfinyanzi ulikuwa wa ubaridi, enzi hizo walitangaza kabisa kwamba kiangazi njooni chini kuna baridi, lakini miaka zaidi ya mia ya breki na mota udongo umekunywa joto mpaka umeshiba, umetoka kwenye nyuzi kama 14 sa hivi sehemu nyingine unazidi 20 na hauna pa kulipeleka. Wewe unakuja Juni. Laini za Bakerloo na Central jioni watu wakitoka kazini ni Tanga mwezi wa pili, tofauti hakuna bahari. Tutaziepuka. District ni treni kubwa, zina AC, unapita behewa hadi behewa.

Kuhusu moto uliouliza, ndio ulishatokea, King's Cross tarehe 18 Novemba 1987, mtu aliwasha kiberiti akakidondosha kikaingia chini ya ngazi za umeme, na zilikuwa za mbao, takataka na grisi ya miaka imejaa chini yake, wakafa watu 31. Baada ya hapo ngazi za mbao zikaondolewa na mambo mengi ya usalama yakabadilishwa. Na vita vile vikubwa, vya pili vya dunia, watu walikuwa wanalala stesheni kukwepa mabomu, maelfu, na blanketi zao. Hapa mashariki tulipo kuna Bethnal Green, Machi 1943, king'ora kimelia, watu wanashuka gizani kwa ngazi, jeshi likarusha roketi mpya za kutungulia ndege watu wakadhani ni mabomu, mmoja akajikwaa na walio nyuma wakamwangukia, 173 wakafa, 62 watoto, na bomu hata moja halikudondoka pale. Kuna mnara wa kumbukumbu kama ngazi iliyogeuzwa juu chini, majina yote yapo. Nikipita pale nasoma fatiha, wale sio Waislamu najua lakini watoto ni watoto.

Na Clapham South kuna mahandaki ya kina yaliyochimbwa kwa ajili ya hayo mabomu, 1948 meli ya Windrush ilipokuja na watu wa Jamaika waliokosa pa kulala zaidi ya 200 waliwekwa humo. Walikuja kutafuta kazi, wakapewa kitanda shimoni. Baadae hao hao ndo wakaendesha mabasi na treni za huu mji, 1956 shirika la usafiri likaenda mpaka Barbados kuajiri. Sisi tulikuja tumekuta njia imeshakanyagwa.

Utaisikia pia sauti inasema "mind the gap", maana yake angalia pengo kati ya treni na platifomu. Pale stesheni ya Bank laini ya Central imepinda vibaya kwa sababu wachimbaji walifuata barabara za juu wasigombane na wenye majumba, basi pengo lake mguu unaingia. Sasa stesheni ya Embankment, laini ya Northern ya kwenda kaskazini, sauti ni ya mwigizaji Oswald Laurence, alifariki 2007, mkewe akawa anaenda kukaa platifomu kumsikiliza mumewe, 2012 wakabadilisha mitambo sauti ikapotea, mama wa watu akawaomba, na 2013 wakairudisha stesheni hiyo moja tu. Lete kitambaa.

Safari yenyewe: usinunue tiketi ya karatasi, gusisha kadi ya benki kuingia na kutoka, kutoka usisahau maana watakukata nauli kubwa, na mwisho wa siku kuna kiwango hawavuki hata uzunguke vipi. Kwenye ngazi za umeme simama kulia, kushoto ni kwa wenye haraka na hawana utani. Heathrow panda Piccadilly ya bluu, shuka Hammersmith, vuka platifomu hiyohiyo, panda District ya Upminster, hakuna ngazi hata moja kwa mabegi yako, njia yote mpaka East Ham. Laini ya Elizabeth, ya zambarau, inawahi zaidi mpaka Whitechapel ila nauli yake imechangamka. Jumamosi tutaenda soko la Queen's hapo Upton Park, mihogo ipo, bamia ipo, usijaze begi vyakula, labda dagaa wachache na ile achari ya mama yako.

Sasa niambie ndege yako inatua terminal ya ngapi, mana Heathrow ina stesheni tatu za Piccadilly na nataka nijue nikusubiri wapi. Nisalimie mama, mwambie mguu asiuache mpaka uvimbe tena.

Wako,
Zuhura