Barua kwa Mwanangu: Albamu Nilizozipenda Mwaka Huu

Bagamoyo,
28 Julai 2024.

Mwanangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya na kwamba kazi zako zinakwenda vizuri huko Dodoma. Sisi hapa hatujambo, mama yako anakusalimu sana, na bibi yako haachi kuuliza utakuja lini. Tulipozungumza kwa simu uliniuliza ni muziki gani ninaousikiliza siku hizi, nami nikakujibu kwa mkato kwa sababu salio lilikuwa linaisha. Swali lile lilistahili jibu refu zaidi. Mwaka umekwisha kuvuka nusu, na katika miezi hii zimetoka albamu ambazo ningependa uzisikilize kwa utulivu, kila moja kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, kwa mpangilio aliouchagua mwenye kuzitunga.

Jambo hilo la mpangilio nalisisitiza kwa makusudi, mama. Mwanamuziki anapoamua wimbo upi utangulie, upi ufuate na upi ufunge, huwa anajenga hoja ambayo wimbo mmoja peke yake hauwezi kuibeba. Sisi tuliokulia kwenye kaseti tulilijua hilo bila kufundishwa, kwani kupeleka mkanda mbele kulimaliza betri. Kwa hiyo tulisikiliza upande wa kwanza wote, tukageuza, tukasikiliza wa pili, na mara nyingi wimbo ambao mwanzoni hatukuujali ndio uliokuja kutukaa moyoni. Simu yako inakuruhusu kuruka kila baada ya nusu dakika. Nakuomba usiruke.

Naanza na ile ninayoipenda kuliko zote, nayo ni Maisha ya kundi la The Zawose Queens, iliyotolewa mwezi wa Juni na kampuni ya Real World ya Uingereza. Wenye kundi ni wanawake wawili wa hapa hapa kwetu, Pendo Zawose na Leah Zawose. Pendo ni binti wa marehemu Mzee Hukwe Zawose, na Leah ni mjukuu wake. Wewe ulikuwa bado mdogo mzee yule alipofariki Desemba 2003, lakini jina lake umelisikia tangu utotoni, maana hakuna mpenda muziki wa Bagamoyo asiyemtaja. Alikuwa Mgogo wa Doduma, huko huko mkoani uliko sasa. Katika miaka ya 1960 Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam baada ya kupata habari za kipaji chake, na baadaye, Chuo cha Sanaa kilipoanzishwa hapa Bagamoyo mwaka 1981, akawa miongoni mwa waliokipa chuo hicho sifa. Kampuni hiyo hiyo ya Real World ilitoa albamu yake iitwayo Chibite mwaka 1996, na kwa njia hiyo sauti ya Ugogo ikafika katika majumba makubwa ya muziki ya Ulaya ikitokea katika mji wetu wa pwani.

Lakini katika kundi la muziki la ukoo huo wa Zawose, kwa miaka mingi wanawake walikuwa waitikiaji na wachezaji. Waliimba nyuma, wakapiga ngoma, wakacheza kwa njuga miguuni, huku aliyesimama mbele na kupiga ilimba au zeze akiwa mwanamume. Hicho ndicho kinachonifanya niiweke albamu hii juu ya nyingine zote za mwaka huu: wanawake hawa wamesogea mbele. Wanatunga, wanaongoza nyimbo, na wanapiga ala ambazo zamani zilihesabiwa kuwa za baba na kaka zao, tena bila kuutupa urithi wenyewe. Ukisikiliza utatambua kwamba mtindo wa kuimba kwa sauti mbili tatu zinazopandana, ambao Wagogo wanajulikana nao, umebaki pale pale. Kilichobadilika ni nani anayeanza na nani anayeitikia, na badiliko hilo peke yake limeyapa mashairi uzito mwingine.

Naomba uisikilize ilimba kwa makini, ikiwezekana kwa vipokea sauti vya masikioni, kwa sababu spika ya simu hulimeza nusu ya jambo lenyewe. Ilimba ya Kigogo ni sanduku la mbao lenye vijiti vya chuma vinavyochezwa kwa vidole gumba. Kubwa zake huwa na vijiti vya katikati ambavyo havichezwi kabisa; kazi yake ni kuitikia vyenyewe vile vya pembeni vinapotikiswa. Kisha kwenye matundu ya sanduku hubandikwa utando mwembamba wa buibui, na utando huo ndio unaoipa kila noti mtetemo ule wa chini, kama nyuki aliye mbali. Mtu asiyejua hudhani kwamba rekodi ina kasoro. Mtengenezaji wa ilimba huutafuta mtetemo huo kwa bidii, na ala isiyo nao haimpendezi.

Watayarishaji wa albamu ni Waingereza wawili, Oli Barton-Wood na Tom Excell, nao wameongeza besi na sauti za umeme hapa na pale. Kwa maoni yangu wamefanya kazi hiyo kwa heshima, ingawa mimi ningepunguza zaidi, kwani sehemu zinazonigusa kuliko zote ni zile ambazo husikii kitu isipokuwa koo mbili, ngoma na makofi. Huenda wewe ukaona tofauti, na ningependa kujua.

Unayo nafasi ambayo mimi sina. Nyimbo nyingi zimeimbwa kwa Kigogo, nawe umezungukwa na watu waliozaliwa na lugha hiyo. Wasikilizishe wenzako kazini, uwaulize wanasikia nini. Tena, ukipata mwaliko wa sherehe vijijini, nenda ukawaone akina mama wakipiga muheme, ngoma ile wanayoibana katikati ya mapaja huku wakiimba na kuyumba kwa pamoja. Ukishaiona kwa macho, utaisikia albamu hii kwa masikio mengine kabisa.

Nikiwa bado kwenye habari za ukoo na urithi, sina budi kumtaja Toumani Diabaté wa Mali, mpigaji wa kora, yaani kinubi cha Afrika Magharibi, ambaye tumempoteza Ijumaa ya tarehe 19 mwezi huu akiwa na umri wa miaka 58. Hakutoa albamu mwaka huu, lakini habari hiyo imenifanya nizirudie rekodi zake za zamani usiku baada ya usiku. Sikiliza The Mande Variations ya mwaka 2008. Ni mtu mmoja na kora yake yenye nyuzi 21, bila mwimbaji na bila ngoma, na mkono wake unatoa besi, kiitikio na nakshi za juu kwa wakati mmoja. Baba yake, Sidiki, alikuwa bingwa wa kora kabla yake. Ninapomfikiria yeye na ninapowafikiria Pendo na Leah, naona jinsi mtoto anayerithi ala anavyotakiwa kuijua kama mzazi wake alivyoijua, kisha aitafutie neno lake mwenyewe la kusema.

Albamu ya pili kwangu ni Night Reign ya Arooj Aftab, iliyotoka mwishoni mwa Mei. Yeye ni Mpakistani anayeishi New York, na mwaka 2022 alikuwa mtu wa kwanza kutoka Pakistani kupata tuzo ya Grammy. Anaimba zaidi kwa Kiurdu, kwa sauti ya chini isiyo na haraka, akizungukwa na kinubi, gitaa, piano na besi kubwa ya kusimama. Mashairi ya nyimbo zake mbili ameyachukua kwa Mah Laqa Bai Chanda, malenga mwanamke wa Hyderabad aliyefariki mwaka 1824, yaani miaka 200 kamili iliyopita, ambaye hutajwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kuwa na diwani ya mashairi kwa Kiurdu.

Hili kwetu watu wa pwani si jambo geni hata kidogo. Siti binti Saad alivuka bahari kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake kwa Kiswahili, na santuri zile zikarudi Unguja na pwani nzima, zikachezwa barazani. Tangu hapo taarabu yetu imekuwa ikizungumza na muziki wa Bara Hindi, mara kwa kuazima lahani, mara kwa kushindana nazo. Bibi yako haelewi Kiurdu, lakini nilipomwekea albamu hii alikaa kimya mpaka ikaisha, kisha akasema kwamba mwimbaji huyu anajua kungoja. Sijasikia uhakiki bora kuliko huo. Waimbaji wengi hujaza kila nafasi kwa sauti. Arooj Aftab huacha beti ipumue, ala zikamalizie anachokusudia, ndipo arudi. Mtu aliyelelewa kwenye taarabu ya zamani, ile ya udi na fidla, atamwelewa mara moja. Isikilize usiku, kazi zikiwa zimekwisha.

Ya tatu ni kinyume chake kabisa. Mdou Moctar, Mtuareg wa Niger, alitoa Funeral for Justice mapema mwezi wa Mei, na ni albamu ya hasira iliyo wazi. Kijana huyo alijitengenezea gitaa lake la kwanza kwa mbao, nyuzi zikiwa ni waya wa breki za baiskeli, na leo anapiga kwa kasi ambayo wachache wanaiweza. Anaimba kwa Kitamasheki, lugha ya Watuareg, akiwauliza viongozi wa Afrika kwa nini wanakaa kimya, na akiituhumu Ufaransa kwa namna ilivyoitendea nchi yake. Mapinduzi ya Julai 2023 yalipotokea Niamey, yeye na wenzake walikuwa ziarani Marekani, na kwa muda hawakuweza kurudi kwa familia zao. Ukiisikiliza ukijua hayo, utaelewa kwa nini gitaa halitulii. Najua wewe huvipendi vyombo vya kelele, lakini mstahimilie. Chini ya kasi ile kuna mwendo wa ngoma unaozunguka kwa utaratibu, na ukishaushika huo, kilichobaki kitajipanga chenyewe.

Shabaka Hutchings wa London ametoa mwezi wa Aprili albamu yenye jina refu, Perceive its Beauty, Acknowledge its Grace. Huyu alikuwa mmoja wa wapiga saksafoni wakubwa wa kizazi chake, na akiwa kileleni akaiweka saksafoni kando ili ajifunze filimbi, ikiwemo filimbi ya mianzi ya Kijapani iitwayo shakuhachi. Uamuzi huo naustahi mno, kwa sababu mtu mwenye jina kukubali kuwa mwanafunzi tena mbele ya watu ni jambo zito. Muziki wenyewe ni wa pumzi zaidi kuliko wa midundo. Nausikiliza alfajiri baada ya kuswali, kabla mji haujaamka.

Kundi la Les Amazones d'Afrique, lililoanzia Mali, lilitoa Musow Danse mwezi wa Februari. Ni waimbaji wanawake wa nchi kadhaa za Afrika wanaotetea haki za wanawake juu ya midundo ya mashine. Nyimbo zake nzuri ni nzuri sana, ingawa mashine wakati mwingine inawaharakisha. Tems wa Nigeria ana sauti ambayo ningeifuata popote, ila Born in the Wild ina nyimbo 18, na naamini 12 zingetosha kabisa. Ya Tyla wa Afrika Kusini nadhani unaijua kuliko mimi, kwa hiyo naiacha. Kuhusu Bongo Fleva pia nakuachia wewe. Vijana wetu hutoa wimbo mmoja mmoja, na mara chache sana napata albamu ya kukaa nayo. Kama ipo ya mwaka huu inayostahili kusikilizwa nzima, niandikie jina lake nami nitaitafuta, nawe nitakuandikia nilichokisikia.

Ninachokuomba kwanza ni hicho cha Maisha. Isikilize mara moja peke yako, kisha mara ya pili pamoja na mtu anayejua Kigogo, halafu uniandikie ni wimbo gani yeye aliusimamisha ili akuelezee, na alikuelezea nini. Mimi nimekwisha kuchagua wangu, ila sitakutajia mpaka nipate barua yako. Kuhusu vipokea sauti, mama yako anakuandalia kifurushi cha dagaa na visheti kitakachopakiwa kwenye basi la Ijumaa, na ndani yake nimekuwekea vile vyangu vikubwa, kwani mimi hapa nina redio ya sebuleni na inanitosha.

Wasalimu jirani zako wote, nasi tunakuombea kheri.

Ni mimi baba yako akupendaye.