Barafu ya Aktiki haiyeyuki kwa sababu jua limekuwa kali

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumzie habari inayorudi kila ifikapo Septemba, ya kupungua kwa barafu ya bahari huko Aktiki, eneo la Ncha ya Kaskazini. Takwimu zinazotajwa mara nyingi ni sahihi. Maelezo ya sababu ndiyo yanayopotoka: mara jua limekuwa kali, mara ni tundu la ozoni, na hapa Mwanza wapo wanaoamini kwamba barafu hiyo ndiyo iliyopandisha maji ya Ziwa Victoria mwaka 2020.

Hili la ziwa tulimalize kwanza. Maji ya ziwa letu yako mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo bahari hata ingepanda mita kumi, mtu wa Igombe au Kayenze asingeona tofauti mwaloni kwake. Takribani asilimia 80 ya maji yanayoingia ziwani ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Yanayobaki huletwa na mito kama Kagera, na mlango wa kutokea ni mmoja tu, Mto Nile kule Jinja. Ziwa lilijaa kwa mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa 2019, wakati upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ulipokuwa na joto kupita kawaida.

Tena barafu ya bahari karibu haipandishi hata bahari yenyewe, kwa kuwa tayari inaelea. Mwalimu yeyote anaweza kulionyesha hilo darasani. Jaza bilauri ya kioo maji ya bomba hadi nusu, tia vipande vitatu au vinne vya barafu, piga mstari kwenye usawa wa maji, funika kwa kisahani, kisha subiri. Barafu ikiisha, maji yatakuwa palepale kwenye mstari. Jaribio huharibika pale barafu inapokuwa nyingi hadi ikagusa kitako cha bilauri, maana hapo haielei tena, imesimama. Ukitumia maji ya chumvi mstari utapanda kidogo sana, kwani maji ya barafu isiyo na chumvi ni mepesi kuliko maji ya bahari. Barafu inayopandisha bahari kwelikweli ni iliyolala juu ya nchi kavu. Ile ya kisiwa cha Greenland peke yake ingeyeyuka yote, bahari ingepanda mita 7 hivi.

Sasa tuje Aktiki. Tangu mwishoni mwa 1978 setilaiti zimekuwa zikipima barafu hiyo kwa mawimbi ya mikrowevu, ambayo hayazuiwi na mawingu wala giza. Kati ya 1981 na 2010, eneo lililobaki na barafu mwisho wa majira ya joto, mwezi Septemba, lilikuwa kwa wastani kilometa za mraba milioni 6.2. Septemba 2012 lilishuka hadi milioni 3.4. Tofauti hiyo ni sawa na Ziwa Victoria arobaini.

Kulishuku jua ni haki, kwa sababu jua la kule si dogo kama wengi tunavyodhani. Tarehe 21 Juni halizami kabisa kwenye Ncha ya Kaskazini, na kwa siku nzima anga ya juu ya huko hupokea nishati inayozidi ya Mwanza kwa zaidi ya theluthi moja. Lakini nguvu ya jua imepimwa kwa setilaiti kwa muda uleule, nayo hupanda na kushuka kwa asilimia 0.1 hivi katika mzunguko wa miaka 11, bila kuongezeka kadiri miaka inavyokwenda. Zaidi ya hapo, ongezeko kubwa la joto la Aktiki limeonekana msimu wa kupukutika majani na majira ya baridi, wakati jua linapokuwa dhaifu au halichomozi kabisa kwa wiki nyingi. Jua lisilochomoza halishtakiwi. Ama tundu la ozoni, hilo hutokea juu ya Antaktika, upande wa pili wa dunia.

Chanzo ni gesijoto, na ya kwanza ni hewa ukaa. Kabla ya enzi ya viwanda ilikuwa sehemu 280 katika kila milioni ya hewa, na mwaka 2024 ilizidi 420. Huruhusu mwanga wa jua kuingia, lakini hunasa joto ambalo dunia inalitoa, usiku na mchana, masika na kiangazi. Kiasi kinachonaswa kinaonekana kidogo mpaka upige hesabu. Kuyeyusha kilo moja ya barafu iliyo nyuzi sifuri kunahitaji kilojuli 334, joto linalotosha kupasha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 0 hadi 80. Chukua wati moja tu ya ziada kwenye kila mita ya mraba, iache ifanye kazi mwaka mzima: utapata megajuli 31.5, zinazotosha kuyeyusha unene wa sentimita 10. Barafu yenyewe ya huko, ikiwa ya mwaka mmoja, ina unene wa mita moja na nusu hadi mbili tu.

Mwaka 2016 watafiti Dirk Notz na Julienne Stroeve walionyesha kwamba kila tani moja ya hewa ukaa inayotolewa huondoa takribani mita 3 za mraba za barafu ya Septemba. Tani moja hutokana na kuchoma kama lita 430 za petroli. Bodaboda inayotumia lita tatu kwa siku huzimaliza kwa miezi mitano hivi, ingawa waliojaza hewa ukaa nyingi zaidi tangu mwanzo hawaishi Mwanza.

Joto hilo likishaanza kazi, barafu yenyewe hulisaidia, na hapa ndipo habari nyingi hupita haraka mno. Theluji mpya juu ya barafu hurudisha angani asilimia 80 hadi 90 ya mwanga wa jua. Theluji ikiisha, barafu tupu hurudisha asilimia 50 hadi 70. Maji ya bahari yaliyo wazi hurudisha asilimia 6 au 7 tu, na mengine yote huyameza. Ndiyo maana tarehe theluji inapoanza kuyeyuka ina uzito mkubwa. Ikianza mapema, Mei au mwanzoni mwa Juni, madimbwi ya maji hutanda juu ya barafu wakati jua liko kwenye kilele. Madimbwi hayo ni meusi kuliko barafu, hunyonya joto, na huzama hadi yatoboe chini. Bahari iliyopata joto Julai na Agosti huchelewa kuganda, kwa sababu maji ya chumvi hayagandi mpaka yafike nyuzi 1.8 chini ya sifuri, na joto lililomo lazima kwanza litoke hewani. Barafu ya msimu ufuatao huingia kwenye jua ikiwa nyembamba.

Katikati ya miaka ya 1980 karibu theluthi moja ya barafu ya Aktiki ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka minne, yenye unene wa mita tatu hadi nne. Sasa imebaki asilimia chache tu. Nyingine huyeyukia kulekule, nyingine husukumwa na upepo na mkondo ikatoka kupitia mlangobahari wa Fram, kati ya Greenland na visiwa vya Svalbard, ikaishie Atlantiki. Maji ya uvuguvugu nayo huingia kutoka Atlantiki kupitia Bahari ya Barents, na kutoka Pasifiki kupitia mlangobahari wa Bering, yakaila barafu kwa chini. Dhoruba huongeza kazi: ile ya Agosti 2012 iliivunja barafu ambayo tayari ilikuwa nyembamba, na wauza sangara wa Kirumba wanajua barafu iliyopondwa huisha kabla ya bonge. Masizi ya moshi yanayotua juu ya theluji yana mchango wake pia, ila ni mdogo.

Msomaji atauliza kwa nini basi, kufikia Septemba 2025, rekodi ya 2012 ilikuwa bado haijavunjwa. Sehemu ya jibu ni kwamba barafu nyembamba hupitisha joto la bahari kwa urahisi, kwa hiyo majira ya baridi hunenepa haraka kuliko iliyo nene. Upepo na mawingu navyo hutofautiana mwaka hadi mwaka. Hata hivyo miaka 19 yenye barafu kidogo zaidi ya Septemba ni ileile 19 kuanzia 2007 hadi 2025.

Kusini ni habari nyingine. Antaktika ni bara lililozungukwa na bahari, na majira yake ya joto huishia Februari. Barafu ya bahari ya huko ilifikia rekodi ya juu, zaidi ya kilometa za mraba milioni 20, Septemba 2014. Februari 2023 ilibaki milioni 1.79, kiwango cha chini kabisa tangu vipimo vianze.

Ombi letu, Mhariri, ni dogo. Unapochapa takwimu ya barafu, taja ni ncha ipi, mwezi gani, na inalinganishwa na wastani wa miaka ipi. Ukiweka ramani, eleza pia kwamba eneo huhesabiwa kuwa na barafu hata kama barafu imefunika asilimia 15 tu ya maji yake, la sivyo msomaji atadhani ule weupe wote ni barafu iliyoshikana.

Walimu wawili wa fizikia na jiografia,
Nyamagana, Mwanza